Rubisi ya Cherehani

Cherehani ya mama ilikuwa imelala miaka mingi katika jiko la zamani, chini ya bati lililotoboka, na mvua za Nyabiyonza zilikuwa zikiidondokea polepole, mwaka hadi mwaka. Nilipoivuta nje asubuhi moja ya ukungu haikuwa nyeusi tena. Ilikuwa nyekundu kama vumbi la barabara ya Omurushaka, na kila nilipoigusa rangi yake ilibaki kidoleni. Gurudumu lilikataa kuzunguka. Sindano ilikuwa imegandia ndani ya bamba lake. Yale maua ya dhahabu ya ubavuni, ambayo utotoni niliyadhani ni maandishi ya malaika, yalikuwa yamebaki majani mawili matatu.

Niliizunguka, nikaitazama pande zote, kisha nikaapa. Mimi nikiapa huapa kwa sauti, hata kama wanaosikia ni kuku. Niliapa kwamba sitabisha hodi kwa Mzee Rwegoshora mpaka mashine hii ishone.

Mzee Rwegoshora ni baba yake Kokuhirwa. Nyumba yao iko ng'ambo ya bonde. Ukisimama kwenye migomba yetu unaona moshi wao ukipanda. Kokuhirwa alikuwa fundi wa nguo Nkwenda. Alishonea kwenye baraza ya duka la Bi Mwanahalima, kwa cherehani ya Bi Mwanahalima, na jioni alirudi kwa bodaboda akiwa na vipande vya nyuzi vimemshika kwenye sketi. Wanaume wengine walimpelekea soda. Mimi nilimpelekea beti, na sikuona kama nimepungukiwa. Alizisikiliza akiwa na pini mdomoni, kwa hiyo hakuweza kujibu, nami ukimya ule niliuhesabu kuwa sifa.

Siku moja alizitoa zile pini. Akasema beti zangu ni nzuri, nyingine humjia akiwa anapiga pasi. Kisha akanieleza kwamba kuna mnunuzi wa mazao wa Omurushaka, mwenye gari na ghala, ambaye ameshakaa na baba yake barazani, na baba amesema atatoa jibu kabla kahawa haijaanza kuiva.

"Mimi siendi kwa mwanamume kukaa," alisema. "Huyo wa Omurushaka anasema mke wake hatagusa kazi, anadhani hapo amenifurahisha. Nitakakokwenda nikute cherehani, na iwe yangu. Wewe una nini, Leonidas, ukiacha maneno?"

"Mama aliacha cherehani."

"Inashona?"

"Itashona."

Akazirudisha pini mdomoni. Lakini macho yake hayakurudi kwenye kitambaa upesi, na hilo nilirudi nalo nyumbani kilima kizima, nikisukuma baiskeli bila kuipanda.

Marafiki walinishauri nipeleke wazee haraka, mashine itafuata. Nilikataa. Kwenda kwa baba wa mtu na ahadi mkononi ni kwenda mikono mitupu, tena mbele ya mwenye ghala. Nilitaka niingie ua ule na kitu kinachozunguka.

Nikaanza na mafuta ya taa. Niliyadondosha kwenye kila skrubu, nikaziacha zinywe, nikarudi nikazigonga kidogo kwa kijiti, nikaziacha zinywe tena. Moja baada ya nyingine zililegea, kwa kilio kidogo kama cha mlango wa mbali. Kichwa cha mashine nilikisafisha kwa kitambaa na mafuta hayo hayo, kwa sababu sikutaka kupoteza yale majani ya dhahabu yaliyobaki. Lakini vyuma vya ndani na vya pembeni, gurudumu, bamba la sindano, mguu wa kukandamiza kitambaa, kile kibweta kidogo kinachobeba bobini ya uzi wa chini, vilikuwa vimeliwa na kutu hadi havina uso.

Bi Mwanahalima, ambaye kwao ni Pangani, aliniambia bibi yake alikuwa akisugua sinia za shaba kwa ndimu na chumvi mpaka unajiona meno. Nikajaribu. Ndimu kwetu si za kuokota. Nilizimaliza za Shangazi Felicitas, halafu nikamaliza za jirani, na kilichotakata ni skrubu chache tu. Skrubu zile ziling'aa kweli. Nilizipanga kwenye kifuniko cha ndoo nikazitazama kama mtu anayetazama nyota mchana, nikajua kwamba kwa mwendo huu kahawa itaiva, itachumwa, itaanikwa, na Kokuhirwa atakuwa Omurushaka amekaa kwenye kochi.

Shangazi Felicitas ni dada wa baba yangu, ndiye aliyenilea mama alipofariki. Ni mwanamke mwenye sauti nzito, kwenye kwaya ya kanisani wanamweka nyuma ili wengine nao wasikike. Alinikuta nasugua akauliza kama sasa tutakula samaki kwa kutu, maana ndimu zimekwisha. Nikamwambia avumilie. Akasema yeye anavumilia tangu nilipozaliwa, amezoea.

Kilichonifungua macho ni kisu. Nilikuwa Nkwenda, kwa mama mmoja muuza rubisi anayeitwa Benadeta, aliyekuwa anamwaga dumu la rubisi lililochacha. Rubisi ni pombe yetu ya ndizi. Ikipitiliza siku zake inageuka kuwa chachu kali kama siki, inakata pua. Chini ya dumu akakuta kisu chake alichokuwa amekitafuta siku nyingi, akakilaani, akakitupa kwenye nyasi. Nikakiokota. Mpini ulikuwa umevimba, lakini chuma kilikuwa safi, cheusi kidogo, na nilipokipitisha kwenye suruali weusi ule ukatoka na chini yake kukawa na rangi ya kijivu, tulivu, kama jiwe la mtoni.

Nilimwomba asimwage zaidi. Akasema ya kuchacha anayo mengi, alikuwa anawapelekea nguruwe, nami kama ninakunywa vitu hivyo basi Mungu anihurumie. Nikafunga madumu mawili kwenye kariya ya baiskeli, kesho yake mengine, nikayabeba kutoka Nkwenda hadi Nyabiyonza mchana kweupe, yakichuruzika na kunukia ndizi njia nzima. Watu walinipungia mkono. Nikawapungia. Sikuona ajabu yoyote.

Nyuma ya nyumba, katikati ya migomba, kulikuwa na mtumbwi wa marehemu baba. Si wa majini, ni lile gogo refu lililochongwa ndani, ambamo ndizi hukanyagwa na rubisi hulazwa mpaka iive. Ulikuwa umekaa muda mrefu bila kazi. Niliuosha. Vile vyuma navyo nilivisugua kwanza kwa jivu na maji mpaka harufu ya mafuta ya taa ikaisha, nikavilaza ndani ya mtumbwi kimoja kimoja, kama mtu anayelaza watoto, nikamimina chachu ile mpaka vikazama. Kisha nikakata majani ya mgomba, nikafunika juu, nikaweka na mawe ili upepo usifunue. Ndivyo unavyofunika kitu usichotaka kuku wakichafue. Sikufikiri zaidi ya hapo.

Siku zilizofuata zilikuwa kama siku za mtu aliyelala huku anatembea. Asubuhi ukungu ulishuka ukajaa ndani ya migomba, na mtumbwi ukaonekana kama unaelea. Niliinua jani moja nikachungulia. Vipovu vidogo, vidogo kuliko mbegu za ulezi, vilikuwa vikipanda kutoka kwenye chuma, vikifika juu vinapasuka bila sauti. Chuma kilikuwa kinapumua. Maji yaligeuka kahawia, kisha yakaanza kuwa meusi, kwa sababu rubisi ina utomvu wa ndizi ndani yake, na utomvu ukikutana na kutu unatoa wino. Nilikaa pale kwenye kigogo, nikatazama mpaka nikasahau kama nimekula.

Nilikuwa nikiwaza kwamba kutu si uchafu. Kutu ni chuma kinachotaka kurudi nyumbani. Mababu wa Karagwe walikichoma kutoka kwenye udongo huu huu mwekundu, wakakifua kuwa majembe na mikuki, na tangu siku hiyo kila chuma ukikiacha peke yake kinaanza kurudi udongoni taratibu, bila kumwambia mtu. Cherehani ya mama ilitengenezwa nchi ya mbali, lakini ilipoachwa nayo ilishika njia ile ile. Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya njia, nimenyoosha mikono.

Nilipovitoa kuvisugua kwa jivu la maganda ya ndizi, mkono ulienda na kurudi, na maneno yakaja yenyewe kwa mwendo wa mkono:

Amka chuma amka, usingizi umekwisha,
Kutu yako yabanduka, maji machungu yaosha,
Anza tena kuzunguka, kitambaa kukipisha,
Kuna mtu anataka mishono ya kumtosha.

Niliuimba ubeti ule mpaka ndege waliokuwa juu ya migomba wakazoea. Kisha nikavirudisha vyuma mtumbwini, maana kwenye vifundo kutu ilikuwa bado, nikafunika. Mchana ule nikalala kwenye majani makavu. Nilimwona mama anashona chini ya maji. Kitambaa kilikuwa kirefu, kinatoka kwenye cherehani kinaenda na mto, cheupe, hakina mwisho, naye hakuniangalia kwa sababu mshono ulikuwa unanyooka na hakutaka upinde.

Aliyeniamsha ni Mzee Cleophace, jirani yetu. Alikuwa amesimama juu yangu na kibuyu chake kidogo mkononi, pua imeinuliwa.

Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba bila kunitazama, macho yake yakiwa kwenye majani ya mtumbwi. Akasema alikuwa anapita tu. Nyumba yake iko upande mwingine kabisa, hakuna anayepita kwetu kwenda popote. Akasema harufu ni nzuri, ingawa aliyekamua ametia mtama mwingi wa kuchachushia, ndiyo maana inauma puani. Akauliza lini.

Ningemwambia ni kutu, angecheka mpaka Kyerwa. Kijana wa beti analalia mtumbwi wa skrubu. Sikuwa tayari kuchekwa kabla gurudumu halijazunguka.

"Haijaiva, Mzee," nikasema.

Akanitazama kwa mara ya kwanza, polepole, na uso wake ukajaa huruma na furaha, kama wa mtu anayemwona mtoto amevaa suruali ndefu siku ya kwanza. Akanishika bega. Akasema mambo haya hayaharakishwi, na kwamba baba yangu angekuwepo angefurahi. Kisha akaondoka na kibuyu chake kitupu, akitembea haraka kuliko alivyokuja.

Nilidhani amesikitika kwa kukosa kinywaji. Nikarudi kulala.

Jumapili iliyofuata Shangazi alirudi kutoka kanisani mapema, bado kitenge cha ibada kiunoni, hajavua viatu. Alinikuta nimeketi mbele ya kichwa cha cherehani. Nilikuwa nimemaliza. Vyuma vyote nilikuwa nimeviosha kwa magadi ili chachu isiendelee kula, nikavikausha karibu na moto, nikavipaka mafuta aliyonigawia Bi Mwanahalima, na kwa siku nzima iliyotangulia nilikuwa nimevirudisha mahali pake. Gurudumu lilizunguka. Lilizunguka kwa uzito, kama mzee anayegeuka kitandani, lakini lilizunguka, na sindano ilipanda ikashuka. Lakini nilikuwa sijaweka uzi wala kitambaa. Nilikuwa naogopa.

Shangazi alisimama akanieleza kanisa lote lilichokuwa linasema. Kwamba Leonidas amelaza rubisi ya posa. Kwamba ameonekana akibeba madumu, kwamba mtumbwi wa marehemu umefunikwa, kwamba harufu inafika hadi barabarani, na kwamba alipoulizwa na Cleophace alijibu kwa adabu kuwa haijaiva. Na kwa kuwa Nyabiyonza nzima inajua beti zangu zinaelekea wapi, hakuna aliyehitaji kuuliza ni ya nani. Mzee Rwegoshora alikuwa ametuma ujumbe Omurushaka kwamba yule mnunuzi asubiri kwanza, kuna kibuyu kiko njiani. Alikuwa ametandika nyasi mpya nyumbani kwake. Alikuwa ameita ndugu zake. Leo.

"Sasa niambie," alisema Shangazi, "rubisi hiyo ulikamua lini mimi nisijue?"

Nikainua majani nikamwonyesha. Mtumbwini kulikuwa kumebaki maji meusi na skrubu moja niliyokuwa nimeisahau.

Nilitegemea kelele. Badala yake alikaa kwenye kigogo changu, akavua viatu, akanieleza jambo ambalo vijana wa siku hizi tunalisikia juu juu tu. Rubisi ya posa ikishanukia kilima, kibuyu cha kwanza cha mtumbwi ule lazima kifike kwa baba wa binti. Kikifika, binti ndiye anayeonja kwanza. Akimpa baba yake, amekubali. Akikiweka chini, mnachukua kofia zenu mnarudi. Lakini kisipofika kabisa, watu husema binti amenuswa akaachwa, na baba yake hana tena sauti. Atampa yeyote atakayekuja, kwa masharti ya huyo anayekuja.

"Kwa hiyo ukikaa hapa na kiapo chako," alisema, "umempa huyo wa Omurushaka."

Nikasema nitakwenda kesho Nkwenda kununua rubisi nzuri ya Benadeta. Akasema leo. Nikasema basi tukope kwa jirani. Akasema kibuyu ni cha mtumbwi huu, mtumbwi huu ndio ulionukia. Yeye hatadanganya wazee kwa pombe ya mtu mwingine. Kisha akasimama, akaingia ndani akatoka na kibuyu cha babu chenye shingo ndefu, akakizamisha ndani ya maji yale meusi mpaka kikajaa.

"Kitafika," alisema. "Kilicho ndani tutakisema huko huko, na utakisema wewe."

Tulivuka bonde adhuhuri. Nilifunga kichwa cha cherehani kwenye kariya ya baiskeli, nimekizungushia kanga ya mama. Shangazi alitangulia na kibuyu kichwani. Mzee Cleophace alijiunga nasi njiani akiwa amevaa koti, akasema msemaji lazima awepo na aliyenusa kwanza ndiye msemaji. Kahawa kando ya njia ilikuwa imetoa maua, meupe, mengi, na harufu yake ilichanganyika na ukali wa kibuyu hata nikahisi kichwa chepesi. Nilisikia tu spoku za baiskeli, na gurudumu la cherehani likijizungusha lenyewe kila tulipopita kwenye shimo.

Kwa Rwegoshora nyasi zilikuwa zimetandikwa kweli, mbichi, zinateleza. Ndugu walikuwa wameketi. Tulipewa kahawa ya kutafuna, tukaamkia wote kwa zamu, na Mzee Cleophace akasimama akaanza. Alizungumza vizuri. Alisema juu ya mtoto aliyekua, juu ya marehemu baba yangu, juu ya mtumbwi ulioamka baada ya kulala muda mrefu, na kwamba pua yake, ambayo haijawahi kumdanganya tangu ujana, imethibitisha kwamba rubisi hii...

"Si rubisi," nikasema.

Cleophace alibaki na mkono hewani. Nikasimama, kwa sababu nikiongea nimekaa maneno hunikwama, nikaeleza yote. Cherehani ya mama, kutu, ndimu, kisu cha Benadeta, madumu. Sikupunguza. Nilisema rubisi ile ilikuwa imeshaharibika, na mimi niliitumia kutengeneza kitu. Nilisema nilikuwa nimeapa nisiingie ua huu mpaka mashine ishone, na haijashona bado, kwa hiyo nimevunja kiapo changu kwa miguu yangu, na heri nivunje kiapo kuliko Kokuhirwa aitwe aliyeachwa.

Mzee Rwegoshora ni mfupi na huongea polepole. Alisubiri mpaka nilipomaliza.

"Kwa hiyo umenipikia misumari," alisema.

"Sikukupikia kitu, Mzee. Kilima ndicho kilichopika."

Shangazi alinifinya paja. Ndugu mmoja wa Rwegoshora akacheka puani. Rwegoshora akasema yule wa Omurushaka angekuja na kreti za bia, zimefungwa, zina tarehe, na hakuna anayehitaji kuuliza kilichomo. Akasema amemzuia mtu mzima mwenye ghala kwa ajili ya maji ya kuogeshea skrubu. Akageuka kuwatazama ndugu zake, nikaona mkono wake unainuka kidogo kutoka kwenye goti, ule mkono unaosema tumemaliza.

Kokuhirwa akatoka ndani. Alikuwa amevaa gauni aliloshona mwenyewe, la buluu, lenye shingo pana. Hakunitazama. Aliuliza mashine iko wapi.

Nikaifungua kanga, nikaiweka mashine kwenye kigoda katikati ya nyasi. Pale nje, kwenye mwanga, niliiona kama vile sijawahi kuiona. Haikung'aa. Nilikuwa nimeota itang'aa kama sinia za Pangani, kumbe vyuma vyake vilikuwa vya kijivu cheusi, vimetulia, na ubavuni yale majani mawili matatu ya dhahabu. Kokuhirwa alipiga magoti. Alipitisha ukucha kwenye bamba la sindano, akatoa kile kibweta cha bobini akakinusa, akakirudisha. Alizungusha gurudumu kwa kiganja, taratibu, sikio karibu na mashine. Uzi hakuwa nao. Alinyoosha mkono, akachana kipande cha jani la mgomba kutoka kwenye ua, akakiweka chini ya sindano, akashusha mguu wa kukandamiza, akazungusha.

Sauti ilitoka. Ndogo, kavu, ya kurudiarudia. Nilikuwa sijaisikia tangu utoto, na mwili wangu uliijua kabla yangu. Sindano ilipanda na kushuka, jani likasogea, likatokea upande wa pili, na hakuna mtu pale uani aliyesogeza hata mguu kwenye nyasi. Alipofika mwisho alilitoa jani akaliinua juu, jua likiwa nyuma yake. Kulikuwa na mstari wa vitundu vidogo vidogo, na kila kitundu kilikuwa na mwanga wake.

"Inayumba," alisema.

Ilikuwa kweli. Katikati mstari ulipinda kama njia ya mbuzi.

"Kuna kutu kwenye mhimili wa ndani," nikasema. "Sikuweza kufika."

"Mimi nafika. Mkono wangu ni mdogo."

Akaliweka jani begani mwa gauni lake, bila kufikiri, kama mafundi wanavyoweka kitambaa. Kisha akaenda mpaka kwa Shangazi, akapiga magoti mbele yake kwa heshima, akapokea kibuyu. Baba yake alisema jina lake, kwa sauti ya chini, mara moja. Yeye akainamisha shingo ya kibuyu mpaka maji meusi yakamgusa mdomo. Uso wake wote ulikunjamana. Macho yakamtoka machozi. Alimeza alichokuwa amekipata, kidogo sana, na midomo yake ilipofunguka ilikuwa na wino.

Akageuka, akakishika kibuyu kwa mikono miwili, akampa baba yake.

Mzee Rwegoshora alikitazama. Aliwatazama ndugu zake, nao wakatazama nyasi. Hakuna aliyekuwa na la kumsaidia, kwa sababu kibuyu kilikuwa kimefika, binti ameonja, na sasa kiko mkononi mwake. Alichungulia ndani. Akachovya kidole, akakiweka ulimini, akatikisika mwili mzima kama mtu aliyemwagiwa maji ya asubuhi.

Akaupeleka ulimi huku na huko mdomoni.

"Kijana," akasema mwishowe, "mtama ni mwingi."

Mzee Cleophace akasema hata yeye aliliona hilo. Kisha Rwegoshora akakiweka kibuyu kando ya mguu wake, upande wa kulia, pale panapowekwa kitu kilichopokewa, akamwambia mmoja wa ndugu zake ampigie simu mtu wa Omurushaka amwambie asisubiri tena. Kwangu akasema nikakamue ya ndizi sasa, na nisije nayo mpaka yeye mwenyewe aje kunusa.

Nilimtafuta Kokuhirwa. Alikuwa ameshairudia mashine, ameegemea kigoda, mkono umeingia chini ya tumbo la chuma mpaka kwenye kiwiko, jicho moja limefumbwa, anatafuta kitu kwa ncha ya kidole.